Picha za Buluu Zilizofifia Bagamoyo: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Kujifunza Sayanotaipu

Kisa hiki kinahusu kikundi cha vijana wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo waliojifunza kuchapa picha kwa njia ya sayanotaipu, wakafanya vizuri majuma ya mwanzo, kisha picha zao zikaanza kufifia pasipo yeyote kati yao kujua chanzo. Niliitwa kuangalia wakati wameshagawanyika kuhusu nani alaumiwe. Ninakieleza kwa urefu kwa kuwa maelekezo mengi ya kazi hii yameandikwa na watu wa nchi za baridi, wenye maduka ya karatasi za wachoraji karibu nao, na mwanafunzi wa pwani yetu anayeyafuata hatua kwa hatua anaweza kuharibikiwa ilhali hajakiuka agizo hata moja.

Sayanotaipu ni njia kongwe ya kutengeneza picha kwa jua. Ilibuniwa mwaka 1842 na John Herschel, mwanasayansi wa Uingereza, na kemikali zake za msingi zingali zilezile. Huyeyushwa gramu 25 za feriki amonia sitreti ya kijani katika mililita 100 za maji, na pembeni huyeyushwa gramu 10 za potasiamu ferisayanaidi, ambayo chembe zake ni nyekundu, katika kiasi kilekile cha maji. Kila dawa hukaa katika chupa yake ya rangi ya kahawia, nazo huchanganywa nusu kwa nusu wakati wa kazi tu. Mchanganyiko hupakwa kwenye karatasi ndani ya chumba chenye mwanga hafifu. Karatasi ikishakauka huwekewa jani au negativu, yaani picha angavu iliyogeuzwa mwanga na giza, juu yake, hubanwa kwa kioo na kutolewa juani. Miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, hubadilisha chuma kilichomo katika sitreti kutoka hali ya feriki kwenda hali ya ferasi, na chuma hicho huungana na ferisayanaidi kuwa buluu ya Prussia, rangi isiyoyeyuka majini. Palipofunikwa hapabadiliki, dawa yake huondoka kwa maji na karatasi hubaki nyeupe. Kazi haidai chumba cha giza wala dawa za kusafishia filamu, na kwa sababu hiyo wengi huidhania mchezo wa watoto.

Wazo la kikundi lilikuwa zuri. Walikuwa wamesikia habari za Anna Atkins, Mwingereza aliyeanza mwaka 1843 kutoa kwa mafungu kitabu cha picha za mwani zilizochapwa kwa njia hii, mwaka mmoja tu baada ya Herschel kuitangaza, akaendelea nacho hadi 1853. Wakajiambia kwamba kama mwani wa Uingereza ulistahili heshima hiyo, basi hata wa Mlingotini, kusini kidogo mwa mji, ambako akina mama wanaulima, unaistahili. Walipata chumba cha nyuma katika nyumba ya mawe yenye kuta nene na dirisha moja dogo, chumba ambacho kwa kazi hii ni bora kuliko madarasa mengi ya kisasa. Dawa walizipima kwa mizani ya kidijitali waliyoiazima kwa sonara, na maji kwa bomba la sindano lililonunuliwa duka la dawa. Fremu yao ilikuwa kipande cha plaiwudi, kioo cha dirisha na vibanio. Ninavitaja vyombo hivi kwa sababu baadaye navyo vilitiliwa shaka, na havikuwa na kosa lolote.

Mwani wenyewe uliwapa somo la kwanza. Ule wa shambani, hasa wa aina ya spinosum, ni mnene na matawi yake ni ya mviringo. Ukiwekwa chini ya kioo haulali, unakiinua, mwanga unapenya pembeni na kingo za picha zinakuwa na ukungu. Isitoshe haupitishi mwanga, kwa hiyo hutoa kivuli cheupe kitupu kisichoonyesha chochote cha ndani. Unaofaa ni ule wa kijani, mwembamba na mpana, unaoshika kwenye mawe na kuonekana maji yanapokupwa sana wakati wa bamvua. Huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi, hutandazwa kati ya magazeti chini ya uzito hadi ukauke, na baada ya hapo tu huwekwa juu ya dawa, kwa kuwa mwani mbichi huvuja, na tone moja la maji ya bahari huacha doa kabla jua halijafanya kazi yake. Binti mmoja wa kikundi, ambaye mama yake ni mkulima wa mwani, aliligundua hili mwenyewe. Picha zake za mwanzo ni nzuri kweli: unaona mkunjo juu ya mkunjo, buluu nyepesi palipo na tabaka moja, na weupe mtupu pale tabaka zilipolaliana.

Picha hizo, pamoja na nyingine za milango ya nakshi ya Mtaa wa India zilizochapwa kutokana na negativu za plastiki angavu, zilimvutia mwenye nyumba ya wageni mmoja, akaagiza kadi. Mambo yaliharibikia hapo. Karatasi za wachoraji walizoletewa kutoka Dar es Salaam zilikuwa zimekaribia kwisha, wakanunua manila steshenari. Maji ya bomba yalikatika siku kadhaa, wakachota kisimani. Na kwa kuwa kazi ilikuwa nyingi, wakaanza kupaka karatasi jioni ili asubuhi wazikute zimekauka, huku masika ndiyo yanaanza. Mambo matatu yalibadilika karibu kwa wakati mmoja, na hakuna aliyeyaandika popote.

Kadi zilizotoka zilikuwa na kasoro za kila namna. Nyingine sehemu zake nyeupe zilikuwa na ukijani wa buluu, nyingine zilipauka kwenye beseni, na nyingine zilitoka vizuri zikafifia baada ya kutundikwa barazani. "Mwalimu, dawa imekufa hii," alisema mmoja wao, na mwalimu, ambaye ni mchoraji aliyejifunza sayanotaipu katika warsha, akakubaliana naye, akaanza kutafuta fedha za kuagiza dawa mpya. Kijana mwenye jukumu la kupima akaambiwa amepunja. Yeye akajibu kwamba aliyepunja ni jua.

Kwa maoni yangu, walipotea kwa sababu kila mtu alikuwa akitazama picha ilivyo mwishoni. Picha tatu zilizofifia huweza kufanana machoni ilhali kila moja imeharibiwa na jambo lake, na kinachozitofautisha ni hatua ambayo kasoro ilianza kuonekana. Dawa iliyopakwa na kukauka vizuri huwa ya manjano yenye ukijani. Ikiwa imegeuka buluu-kijani kabla ya kuguswa na jua, chanzo ni unyevu, joto au karatasi yenyewe. Juani, dawa huiva kwa kupita kwenye kijani na buluu, kisha sehemu zilizo wazi hugeuka kijivu chenye mng'ao wa shaba. Mwanafunzi mgeni huogopa hapo akaitoa, akidhani inaungua, kumbe bado kidogo. Ikitolewa mapema, buluu karibu yote hukimbilia majini mara tu inapotumbukizwa na maji ya beseni hubadilika rangi. Lakini ikiwa picha imetulia majini, imeonekana kamili, halafu dakika baada ya dakika inapauka na kuacha umanjano, jua halina kesi. Maji ndiyo yanayoila.

Jaribio lililoamua suala la maji lilikuwa rahisi na halikugharimu chochote. Karatasi moja ya wachoraji iliyokuwa imesalia ilipakwa dawa ileile iliyodaiwa kufa, ikakaushwa kwa feni, ikapigwa jua la mchana chini ya kioo ikiwa nzima, kisha ikakatwa vipande vyembamba ndani ya chumba. Kila kipande kikaingia kwenye beseni lake: maji ya mvua, maji ya bomba ambayo yalikuwa yamerudi, maji ya kisima, na maji ya kisima yaliyokamuliwa ndimu. Kipande cha maji ya mvua kilitoka na buluu nzito. Cha bomba kilikuwa chepesi kidogo, tofauti ambayo isingeonekana kama visingewekwa pamoja. Cha kisima kilianza vizuri kama wenzake, na kwa dakika chache vijana walikuwa tayari kunicheka. Kisha kingo zake zikaanza kuwa za kijivu, buluu ikarudi nyuma kuelekea katikati, na mahali ilipokuwa pakabaki umanjano hafifu wa kutu. Cha kisima chenye ndimu kilisimama imara, na sehemu zake za mwanga wa kati, zile za buluu nyepesi ambazo maji matupu huziosha upesi, zilibaki nyingi kuliko hata kwenye kipande cha mvua.

Sababu yake inajulikana. Buluu ya Prussia huvumilia asidi hafifu lakini huvunjwa na alkali, na ikivunjwa huacha haidroksaidi ya chuma yenye rangi ya manjano na kahawia. Asiyeamini achovye ukingo wa picha yake kwenye maji ya magadi. Kisima kile kimechimbwa katika jiwe la matumbawe, ambalo kimsingi ni chokaa, na maji yanayokaa ndani ya chokaa hubeba chokaa. Mtu wa maabara angeleta karatasi ya litmasi, ya kupimia asidi na alkali. Hapa habari ilikuwa imeshatolewa siku nyingi na bibi mwenye kisima, ambaye binti yule wa mwani alipomsalimia, "Shikamoo bibi," na kuomba ndoo nyingine, alimjibu, "Marahaba mjukuu wangu, chota, lakini haya ya kuogea tu, maharage yanashinda jikoni hayaivi, na sabuni inakwisha povu hulioni." Maji yasiyoivisha maharage na yasiyotoa povu ni maji magumu, na anayeishi pwani ana kipimo hicho nyumbani kwake bila kununua kitu.

Zilibaki zile kadi zilizofifia barazani, ambazo baadhi ziliwahi kuoshwa kwa maji ya bomba na kwa hiyo hazikuweza kuelezwa na kisima. Sayanotaipu ina tabia ambayo mgeni haiamini hadi aione: picha iliyofifishwa na mwanga mwingi hurudi ikiwekwa gizani, kwa sababu mwanga huigeuza buluu ya Prussia kuwa hali isiyo na rangi, kwa maneno ya mkato, na oksijeni ya hewa huirudishia rangi yake. Picha iliyoharibiwa na alkali hairudi. Kadi zote zilizopauka zikafungiwa kabatini, zikiwa zimetenganishwa ili hewa ipite. Zilipotolewa baada ya siku kadhaa, zilikuwa makundi mawili ya wazi. Chache, zote za ile karatasi ya wachoraji, zilikuwa zimerudia buluu yake karibu yote. Zile za manila zilikuwa vilevile, na mbili zilikuwa mbaya zaidi kuliko zilivyoingia.

Kwa hiyo manila nayo ilikuwa na lake. Karatasi nyingi za siku hizi, ikiwemo ya fotokopi, hutiwa kalisi kaboneti, chokaa ileile ya matumbawe, kiwandani ili ziwe nyeupe na zisigeuke njano zinapozeeka. Kwa mtunza vitabu hiyo ni neema. Kwa sayanotaipu ni adui anayekaa ndani ya karatasi yenyewe, akaila picha taratibu hata baada ya kuoshwa kwa maji mazuri. Wapo wanaoloweka karatasi ya namna hiyo kwenye asidi hafifu kabla ya kuipaka, na kwa karatasi nene ni njia inayokubalika. Manila ile ililegea na kuchanika ikiwa bado majini, na sikuona sababu ya kuishikilia. Bafta nyeupe ya pamba, iliyochemshwa na kusuuzwa hadi wanga wake ukatoka, ilikuwa jibu bora zaidi na inapatikana duka lolote la vitambaa. Hunywa dawa nyingi kuliko karatasi na hutaka kuoshwa kwa muda mrefu zaidi. Mnunuzi wake naye lazima aambiwe kwamba haifuliwi kwa sabuni ya unga wala kwa dawa ya kung'arishia nguo, maana zote zina alkali na kitambaa kitarudi cheupe kikiwa na aibu ya muuzaji.

Suala la unyevu nilitarajia liwe gumu, na likawa jepesi kuliko yote. Dawa iliyokwisha kupakwa huanza kujibadilisha yenyewe polepole hata gizani, na hewa yenye unyevu huiharakisha. Kipande kilichopakwa jioni na kulala kwenye chumba kile kilikuwa kimeingia ukijani wa giza asubuhi. Kilipooshwa bila kuona jua kabisa kiliacha buluu hafifu kila mahali. Kilichopakwa asubuhi hiyohiyo na kuoshwa bila jua kilibaki cheupe. Hicho ndicho kipimo ninachokipendekeza kwa kila atakayefanya kazi hii Bagamoyo, Tanga, Unguja au popote penye hewa ya bahari: kabla ya kuharibu karatasi nzima, kata pembe yake, ioshe bila kuipeleka juani, na kama haibaki nyeupe usiendelee. Anayelazimika kuweka karatasi hadi kesho aifungie kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya.

Kijana wa vipimo, basi, hakuwa amepunja, na dawa haikuwa imekufa. Sitreti ilikuwa imeota ukungu kidogo juu, jambo la kawaida kwa dawa hiyo katika joto letu. Ilichujwa kwa kitambaa ikaendelea kufanya kazi. Hata jua, ambalo yeye alilishtaki, lilikuwa zuri kupita mahitaji. Bagamoyo iko kama nyuzi 6 na nusu kusini mwa ikweta, jua lake hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, na muda wa nusu saa au zaidi unaoelezwa na waandishi wa kaskazini kwa siku zao za baridi hapa ungeiunguza picha. Mawingu ya masika huongeza muda, ila rangi ya shaba kwenye sehemu zilizo wazi ni saa nzuri kuliko ya mkononi.

Kuna jambo lililozuka katikati ya kazi ambalo si la ufundi. Mzazi mmoja aliona neno sayanaidi kwenye chupa, na kwa kuwa Watanzania wengi hulijua kutokana na habari za machimbo ya dhahabu, alitaka mwanawe aache mara moja. Wasiwasi wake ulistahili kujibiwa kwa heshima badala ya kuchekwa. Katika ferisayanaidi, sayanaidi imeshikwa na chuma kwa nguvu sana na haiachiliwi katika matumizi ya kawaida. Huweza kuachiliwa ikichomwa kwa moto mkali au ikichanganywa na tindikali kali kama ya betri. Ndimu na siki kwenye maji ya kuoshea si tindikali za namna hiyo. Hata hivyo glavu zivaliwe, vyombo vya jikoni visitumike, dawa isiwekwe mahali watoto wanapofika, na maji ya beseni yasimwagwe karibu na kisima cha bibi wa watu. Mzazi alipoelezwa hivyo, na kuona glavu, aliridhika.

Kuhusu ufundishaji, nilitofautiana na mwalimu, na sidhani kwamba tumemaliza. Yeye anashikilia kwamba mwanafunzi apewe picha siku ya kwanza, kwa kuwa hakuna kijana atakayevuka mji kuja kuosha vipande vya karatasi tupu. Ana haki katika hilo. Mimi naona kwamba kikundi kilichoanza moja kwa moja na picha nzuri hakikuwa na namna yoyote ya kujua kilichoziharibu zilipoharibika, kwa sababu hakikuwahi kuona dawa peke yake, bila mwani wala mlango juu yake. Tulichokubaliana ni cha katikati: kila karatasi inayopakwa hukatwa ukanda mmoja pembeni, ukanda huo hufunikwa kwa hatua ili kila sehemu ione jua kwa muda wake, huoshwa kwanza, na nyuma yake huandikwa karatasi gani, maji gani, ilipakwa saa ngapi na mbingu ilikuwaje. Kanda hizo sasa zimebandikwa kwenye daftari kubwa, na kijana wa vipimo ndiye mwenye daftari.

Kadi za mwenye nyumba ya wageni zilichapwa upya, nyingine kwenye karatasi mpya ya wachoraji na nyingine kwenye bafta, zikaoshwa kwa maji ya mvua. Masika yaleyale yaliyoharibu karatasi za jioni yalijaza mapipa, ilimradi maji ya kwanza ya bati yaachwe yapite na vumbi lake. Suuzo la mwisho lilitiwa kifuniko kimoja cha haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, ambayo huikoleza buluu papo hapo badala ya kuisubiri ikolee yenyewe kwa hewa ndani ya siku moja au zaidi. Haiongezi ubora wowote, ila mteja akiwa amesimama mlangoni inafaa.

Zile za manila zilizokataa kurudi hazikutupwa. Zilichovywa kwenye maji ya magadi hadi buluu yote ikaondoka, zikasuuzwa kwa uangalifu zisichanike, kisha zikalowekwa kwenye chai ya rangi iliyokolea, ambayo tanini yake hushikana na chuma kilichobaki na kutoa kahawia inayokaribia weusi. Matokeo yalikuwa na mabaka, kwa sababu karatasi nayo hunywa chai. Mwenye nyumba ya wageni alizikagua moja moja, akachukua za buluu zote, na katika za kahawia akachagua za milango peke yake, akisema mwani wa rangi ile wageni wataudhania umeoza.